Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: maji ya kiwanda cha mvinyo yanatuulia mizabibu

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini kwako hazijajibiwa. Juzi mtaro wa kiwanda cha mvinyo umefurika tena. Maji ya zambarau, yananuka siki na mayai viza, yameingia shambani kwangu yakatuama. Udongo ulipokauka ukafanya ukoko, jembe linadunda. Mistari ya mwanzo ya mizabibu imeshaanza kuungua majani pembeni.

Mheshimiwa, ulisimama pale pale mtaroni ukaahidi kwamba mavuno mengine hayatatukuta na hali hii. Wazee wakakupigia makofi. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na misimu imepita.

Hatusemi kiwanda kifungwe, zabibu zetu tunakiuzia hicho hicho. Lakini maji ya kuoshea matangi yana sukari, kileo, tindikali na makapi. Yakiachwa hivyo yanaoza. Nadhani ukoko ule unaletwa na kostiki soda wanayooshea, maana ina sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, nayo hugandisha udongo. Wataalamu wako waje wapime udongo watuambie.

Dawa yake inajulikana. Makapi yachujwe, maji yatulie kwenye karo, tindikali ipunguzwe, kisha yapite polepole kwenye vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Vijidudu vya kwenye mizizi na kokoto ndivyo vinavyokula uchafu. Vitanda vipimwe kwa wingi wa maji ya wakati wa mavuno, si ya miezi mitulivu, maana hapo ndipo mtaro unaposhindwa. Chumvi ya sodiamu matete hayaimalizi, kwa hiyo kostiki nayo wapunguze. Kule Moshi, Mabogini, majitaka ya mji husafishwa kwenye mabwawa na wakulima wakamwagilia mpunga. Sisi wa nchi kavu hii, tunaonunua maji ya madumu kunyweshea miche, tunashindwa nini?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga majitaka awe na kibali. Tunaomba tukione. Na hata kama kibali kitachelewa kuonekana, vitanda vya matete vichimbwe kabla ya mavuno yajayo. Watoto wangu wanasoma kwa mizabibu hii, sina shamba lingine. Vichimbwe, Mheshimiwa, kabla ya mavuno yajayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa zabibu, Dodoma