YAH: MASHINE YA KUFULIA ILIYOFUNGWA VIBAYA NA MAJI MACHAFU KUPANDA KWENYE SINKI

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu mashine ya kufulia ya kilo 7, nikalipia na ufundi wa kuifunga hapa kwangu Tabata. Fundi wenu alitoboa bomba la sinki la jikoni karibu kabisa na sakafu, akausukumizia humo mpira wa kutolea maji, akazungushia tepu hadi pasipenye hewa, akaondoka. Hakuijaribu hata kwa nguo moja.

Tangu hapo sina raha na jiko langu. Mashine ikianza kumwaga, maji yanapanda sinkini. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimeloweka mchele kwenye bakuli humo ndani. Nikageuka kuchukua kitunguu, kurudi nakuta povu la kijivu lenye nyuzi za soksi limelifunika bakuli. Niliumwaga mchele wote. Na wakati wa kuvuta maji mashine haijai: unayasikia yakiingia huku yakikimbilia bombani. Fua ya saa moja inakwenda saa tatu, kwa maji na umeme ninaolipia mimi. Mbao za kabati la chini ya sinki nazo zimeshavimba.

Nimewapigia simu mara tatu. Mara zote jibu ni lilelile: mashine ni nzima, bomba la nyumba yako limeziba. Hapo ndipo mliponiumiza zaidi.

Jirani yangu ni fundi bomba. Alimimina ndoo ya lita 20 sinkini kwa mkupuo. Maji yakashuka bila kusita. Kisha akaibandua ile tepu, akauchomoa mpira na kuufunga kwa kamba kwenye ukingo wa sinki. Mashine ikajaa, ikafua, ikamwaga, maji yote yakaenda. Akanieleza kuwa ncha ya mpira ikikaa chini kuliko maji yaliyomo kwenye mashine, tena bila upenyo wa hewa, maji hujivuta yenyewe kutoka, kama mtu anavyonyonya dizeli kwa mpira kutoka kwenye pipa. Kitabu chenu wenyewe cha maelekezo ya mashine kinataka mpira uinuliwe kimo cha sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Fundi wenu aliweka 15. Nimepima kwa rula.

Naomba mlete fundi anayeijua kazi, aweke bomba la pekee la kusimama wima, la inchi 2, la kupokea maji ya mashine, na alizibe tundu alilotoboa mwenzake. Naomba pia mnirudishie fedha ya ufungaji, mnitengenezee kabati, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba waranti yangu haijaguswa.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na risiti na picha nilizopiga. Kwa sasa mpira bado umefungwa kwa kamba, na nikifua siwezi kuosha chombo.

Mteja wenu,
Tabata, Dar es Salaam.