Sindano moja haitoshi kulinda mifupa ya mzee

Mhariri,

Wapo wanaomchoma bibi au babu sindano ya vitamini D ya yuniti 300,000 au hata 600,000 wakiamini kinga ya mwaka mzima imekamilika. Tunawasihi waache kufanya hivyo bila daktari.

Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wanawake wa miaka 70 na kuendelea yuniti 500,000 za kumeza mara moja kwa mwaka. Walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dozi ndogo ya kila siku ndiyo salama: yuniti 800 kwa aliyepita miaka 70, imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta.

Wengi husema jua letu linatosha. Linamtosha anayelipata. Mzee anayeshinda ndani, hata akikaa dirishani, halipati, maana kioo huzuia mionzi inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi. Anayemeza fenitoini au fenobabitoni kwa ajili ya kifafa yumo hatarini pia: dawa hizo hulifanya ini liivunje vitamini hiyo haraka, na kwa maoni yetu kliniki nyingi hulisahau hilo.

Vitamini D ikipungua, utumbo hufyonza kalsiamu kidogo, na mwili huichota kutoka kwenye mifupa. Misuli ya mapaja nayo hulegea. Mtazame mzee anapoinuka kitini: akilazimika kujisukuma kwa mikono, akatembea akiyumba huku na huku, au akilalamika kwamba mbavu na nyonga zinauma zikibonyezwa, apelekwe akapimwe damu. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita ni upungufu. Chini ya 12 ni upungufu mkubwa, na hapo daktari ndiye apange dozi ya kurekebisha. Mwenye mawe ya figo asianze dawa kabla ya kumwona.

Vitamini peke yake, bila kalsiamu, haijengi mfupa. Mzee anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza nyingi, kwa hiyo msiwachambue miiba.

Nyumbani, ondoeni mkeka unaoteleza na wekeni taa kwenye njia ya chooni usiku, kwani nyonga nyingi huvunjika mtu anapoanguka akiwa amesimama tu.

Wahudumu wa afya ya mifupa,
Dar es Salaam