Kikohozi cha bibi yako

Lindi, Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Nimeisikiliza mara tatu kazi ya sauti uliyonitumia, ile yenye bibi yako akisimulia hadithi ya Sungura: mara mbili peke yangu, kwa zile spika za masikioni ulizoniachia, na mara ya tatu pamoja na bibi yako, simu tukiwa tumeiweka katikati ya mkeka. Bibi yako alicheka alipojisikia, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mbona nasimulia peke yangu kama mwendawazimu?" Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa katika simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Umeniambia kwamba sanaa ya sauti unayoishughulikia inahusu mwili wa binadamu, masimulizi, na yale tunayoyasikia kila siku bila kuyajali. Ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba umeisafisha sauti ya bibi yako mno. Umekata watoto wanapoitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", ukaacha "Hadithi, hadithi!" inaning'inia hewani bila wa kuipokea, na juu ya hayo umekata kikohozi. Wewe ulikua ukikisikia kikohozi kile. Kinakuja pale Sungura anaposhika komeo la mlango wa Fisi, si mapema wala baadaye, na watoto wote hushikana mikono wakimngoja amalize. Nusu yake ni moshi wa kuni wa miaka mingi, nusu yake ni usanii mtupu, na hakuna mtu katika nyumba hii, mimi nikiwemo, awezaye kusema nusu moja inakomea wapi.

Nikueleze ninachokijua mimi kuhusu kusikiliza, kwa sababu nimelipwa mshahara kwa kusikiliza miaka 31, nikiwa muuguzi wa leba. Umeniomba mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, ukidhani ni suala la kupata kifaa kizuri. Kifaa changu kilikuwa fetoskopu, kile kibomba cha mbao chenye mdomo mpana upande mmoja na kisahani upande wa pili. Kazi huanza kwa mikono: unalipapasa tumbo mpaka ujue mgongo wa mtoto umelala upande gani, kwa kuwa mapigo husikika vizuri zaidi kupitia mgongoni. Kisha unaweka mdomo mpana tumboni, unalaza sikio kwenye kisahani, halafu unaondoa mkono kabisa, kwa sababu vidole vinavyoishika mbao huikwaruza, na mkwaruzo huo hufunika kile unachokitafuta. Kichwa chako peke yake ndicho kinachokizuia kibomba kisianguke. Unasikia kwanza utumbo wa mama ukinguruma, kisha mvumo kama upepo, ambao ni damu yake ikipita katika mishipa ya mji wa mimba, na nyuma ya hayo yote, kwa mbali, kama saa iliyofunikwa kwa mto, mtoto mwenyewe, mapigo 110 mpaka 160 kwa dakika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilihesabu mapigo 88. Nilitoka mbio leba nikiita gari, nikiamini kwamba mtoto anatuponyoka. Muuguzi mkuu wa zamu, mama mmoja asiyejua kukimbia, aliniuliza swali moja tu: "Mkono wako mwingine ulikuwa wapi?" Haukuwa popote. Alinirudisha kitandani, akaniwekea vidole kwenye kifundo cha mkono wa yule mama huku sikio langu likiwa tumboni, na hapo nikagundua kwamba 88 zangu zilikuwa za mama, si za mtoto. Tukasogeza kibomba upande wa pili wa tumbo na kumkuta mtoto, mzima kabisa, akienda 140. Tangu siku ile sikuwahi kulaza sikio kwenye tumbo la mtu bila kumshika mwenyewe mkono, ili nijue ninayemsikia ni nani.

Hata kusikiliza kwa kifaa kulizaliwa kwa ajili ya stara. Daktari Mfaransa, René Laënnec, alikunja karatasi mwaka 1816 kwa sababu aliona haya kulaza sikio lake kifuani mwa mwanamke kijana. Watu husimulia kisa hicho kama habari ya uvumbuzi, lakini mimi naona ndani yake mtu aliyejua kwamba mwili anaousikiliza una mwenyewe.

Wale wasanii wako wa sauti nimewafikiria pia. John Cage, mtunzi wa muziki wa Marekani, aliyeingia mwaka 1951 katika chumba kisicho na mwangwi pale Harvard akasikia sauti mbili, nyembamba na nzito, alielezwa kwamba nzito ni mzunguko wa damu yake na nyembamba ni mfumo wake wa fahamu. Hiyo ya pili, kama muuguzi, sijaikubali. Nashuku masikio yenyewe yalikuwa yakivuma. Lakini aliyenigusa ni Alvin Lucier, mtunzi mwingine wa Marekani, yule wa mwaka 1969, aliyejirekodi akizungumza chumbani, akaipiga rekodi hiyo chumbani mle mle na kuirekodi tena, na tena, hadi maneno yakayeyuka na kubaki mlio wa chumba. Alikuwa na kigugumizi, na anasema mwenyewe ndani ya kazi hiyo kwamba njia ile inalainisha mikwaruzo ya usemi wake. Alikuwa na haki, kwa kuwa usemi ulikuwa wake. Bibi yako hakukuomba umlainishe.

Kuhusu Halim El-Dabh wa Misri, uliyenisifia kwamba alitangulia wasanii wenzake wa sauti wa Paris alipoirekodi ngoma ya zari, ile ya kupunga pepo, kwa waya wa sumaku huko Cairo mwaka 1944 na kuichuja katika studio ya redio mpaka zikabaki sauti za juu tu, nakubali kwamba ni fahari kwa Afrika. Hata hivyo, ile ilikuwa ngoma ya wanawake wanaotafuta nafuu, na mimi najiuliza waliambiwa nini. Nalisema hili kwa sababu najua unakotaka kuelekea. Ya unyago hayanaswi. Wewe umepita mle, unajua ulichoahidi, na usinitumie ujumbe wa kuniuliza kama ngoma peke yake, bila maneno, inaruhusiwa.

Yaliyobaki ni mengi, nawe njoo uyachukue. Korosho zimeanza kuanguka. Bibi yako anakaa barazani akiwa amefumba macho na kutangaza: bibo lililoiva huanguka moja kwa kishindo kimoja, lakini yakifuatana mawili matatu na majani makavu yakachakacha, ni tumbili, na mtoto hutumwa na fimbo. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, injini ya kivuko husikika ikitoka Kitunda, na maji yakitoka, akina mama wanasikika wakiwapiga pweza kwenye mwamba ili walainike. Mama mmoja jirani yetu, mwenye mimba ya miezi minane, nimemweleza kazi yako naye amekubali usikilize, kwa sharti kwamba yeye asikie kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Bibi yako yuko tayari kuisimulia upya hadithi ya Sungura. Anasema kinasa sauti ukiweke mkekani, usikishike, na wewe mwenyewe uitikie pamoja na watoto. Fetoskopu imo ndani ya sanduku langu chini ya kitanda, imefungwa kwa kipande cha khanga. Ukifika kabla sijarudi kutoka sokoni, itoe uioshe.

Mama yako