Kila nikipiga simu, bibi amelala

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Tanga, Ngamiani. Nasoma uhandisi wa ujenzi mjini Erzurum, mashariki mwa Uturuki, kwa ufadhili wa serikali ya hapa. Nilifika Septemba 2021 na tangu siku hiyo sijarudi nyumbani, maana ufadhili wetu unalipa tiketi ya kuja na ya kuondoka ukishahitimu. Ya katikati ni juu yako. Posho tunalipwa kwa lira. Mwezi niliofika dola moja ilikuwa haijafika lira 9, mwaka 2024 ikapita 30. Posho huongezwa, lakini bei dukani huwa zimeshatangulia.

Aliyenilea ni bibi, mama yake mama. Yeye ndiye niliyekuwa nikimsimulia kila kitu: baridi inayoshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji ya Novemba ambayo Aprili bado ipo, wazee wanaokunywa chai ya rangi huku wamebana kibonge cha sukari kwenye meno, sukari yenyewe haiingii kikombeni. "Kumbe ni kama kahawa na kashata," akasema, na toka siku hiyo Erzurum akaiona kama Ngamiani tu, ila yenye barafu. Nilipomwambia watu hapa husalimiana kwa "merhaba" alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi huko wakubwa wanaitikia shikamoo kabla hawajaamkiwa.

Kuanzia Januari, kila nikiomba kuongea naye mama ananijibu, "Bibi amelala." Shangazi, saa za Uturuki na za Tanga ni zile zile. Nikipiga saa mbili usiku, na huko ni saa mbili usiku, na bibi hakuwahi kulala kabla ya taarifa ya habari. Nilijua. Hata leo sijui kwa nini sikuuliza. Katikati ya Februari mtoto wa mama mdogo akaweka picha kwenye stetasi yake ya WhatsApp: masufuria ya pilau, majamvi uani, na maneno "Arobaini ya bibi yetu". Nilikuwa ndani ya basi naenda chuo. Nikapitiliza kituo.

Nilimpigia huyo ndugu yangu, akalia, kisha akaniambia mama ndiye aliyewakataza wote. Nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho wa muhula. "Akiacha mitihani akaja, na nauli tunaitoa wapi?" Na ni kweli, hata ningeambiwa saa ile ile nisingewahi maziko, bibi alifariki alfajiri, akazikwa baada ya alasiri. Hilo nalielewa. Zile siku 40 za "amelala" ndizo hazipiti kooni.

Mama hajui kama najua. Hii ni wiki ya tatu sipokei simu yake, namwandikia tu kwamba nimebanwa na masomo.

Ingekuwa ni hayo peke yake nisingekusumbua. Lakini na mimi nina langu. Nyumbani wanajua namaliza Juni hii. Simalizi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha, nikajidanganya kwamba Kituruki ni chepesi, maana kitabu ni kitap, saa ni saat, habari ni haber. Sokoni nikawa napatana bei kama mwenyeji. Darasani mambo mengine: mwalimu akieleza jinsi boriti inavyopinda chini ya mzigo, mimi bado nasubiri kitenzi, ambacho kwao huja mwisho kabisa wa sentensi, yeye ameshafuta ubao. Somo hilo huliita mukavemet. Nimelifeli mara mbili. Sijadisko, ila nimebeba masomo matatu, na kuhitimu ni mwakani Mungu akipenda. Miaka miwili mama akiniuliza "masomo vipi?" namjibu "mazuri, mama". Naye ameshaanza kuweka fedha kwenye kikoba kwa ajili ya dua na pilau ya Juni, na mtaa mzima unajua mhandisi anarudi.

Nina akiba niliyodunduliza. Nikilipia masomo ya kiangazi, naweza kuondoa mawili kati ya hayo matatu. Nikikata tiketi, nitafika kaburini kwa bibi na kumwambia mama yote uso kwa uso, kisha nirudi kwenye mzigo ule ule. Mrundi mmoja ninayekaa naye chumba kimoja hosteli anasema mambo haya hayasemwi kwenye simu, ninyamaze mpaka nifike. Lakini nifike lini?

Nikianza na la bibi halafu nikaleta la masomo, mama atadhani msiba ndio ulioniangusha, nami nitakuwa nimejificha nyuma ya kaburi. Nikianza na la masomo, namjua, atazidi kuficha la bibi, aseme mtoto huyu tayari ana mzigo wake.

Mama hupiga kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa hii nataka kupokea. Nianze na lipi, Shangazi?

Mwanao,
Erzurum