Wanaonunua Premio, ulizieni na gia boksi

Mhariri, naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotafuta Toyota Premio used ya familia, hasa zile za kuanzia 2007. Watu wanaangalia rangi, siti na kilomita za kwenye dashibodi basi, na kilomita zenyewe zinarudishwa nyuma, bora umwombe muuzaji karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoandikwa kilomita za gari ilipouzwa kule, ulinganishe. Halafu nyingi ya hizi gari zina gia boksi ya CVT, yaani automatiki inayobadilisha kasi kwa mkanda bila gia za hatua, haitaki ile ATF (oili ya gia boksi za automatiki) ya kawaida kabisa, fundi akikuwekea hiyo kisa bei rahisi itaanza kuteleza na kutetemeka, na kuitengeneza ni hela nyingi mno. Mafundi jamani, hakikisheni aina ya oili kabla ya kumimina, hizi gari ndo zinabeba watoto wetu!

Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam