Wale arobaini wako, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu na hilo goti lako. Karo ya Mwanaisha nimeituma jana kwa M-Pesa. Iliyozidi ni ya dawa zako za presha, usije ukaichangia harusi ya mtu.

Kilichonikalisha kuandika ni kile kicheko chako cha Jumapili. Nilikwambia zamu ya unesi huku England ilinielemea, nilikuwa na wagonjwa tisa, ukacheka mpaka ukakohoa. "Tisa! Mimi nilikuwa nakesha na arobaini." Ni kweli, na nakumbuka ulivyokuwa ukirudi alfajiri, unavua viatu mlangoni kwa sababu miguu imevimba. Lakini Mama, wale arobaini hukuwa nao peke yako. Kila kitanda kilikuwa na shangazi mtu chini, kwenye mkeka. Ni nani aliyewanywesha uji, akawageuza, akawaogesha, akakimbia kukuita dripu ilipokwisha? Huku jamaa anakuja saa za kutazama wagonjwa, anakaa kidogo, anaondoka. Wengine hawana hata huyo. Kulisha, kugeuza, kupeleka msalani, kusikiliza, yote ni mimi na msaidizi mmoja ambaye naye anaitwa wodi nyingine. Na tisa wangu wengi wamepita miaka 80. Mtu mmoja ana kisukari, moyo mbovu na kusahau, vyote kwa pamoja.

Wenyewe wanajua. Mwongozo wa NICE, taasisi yao inayopanga viwango vya tiba, ulisema tangu 2014 kwamba nesi wa wodi ya watu wazima akipewa zaidi ya wagonjwa wanane mchana, hatari ya madhara inaongezeka. Kule Pennsylvania, Marekani, mtafiti Linda Aiken na wenzake walichunguza wagonjwa wa upasuaji, wakatoa matokeo 2002: kila nesi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa nesi mwenyewe kuchoshwa na kazi kwa asilimia 23. California idadi ya wagonjwa kwa kila nesi imewekwa kwenye sheria, inatumika tangu 2004. England hakuna sheria hiyo. Kuna rota, ratiba ya zamu, na rota yetu ina matundu.

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniomba nimpeleke msalani. Nikamwambia, "Nakuja." Nilikuwa nakuja kweli. Kabla sijafika, mama wa kitanda cha pembeni hewa ikaanza kumpungua, nikashika huko, nikaita daktari, nikabaki na oksijeni. Nilipomrudia yule mzee zilikuwa zimepita dakika arobaini. Alikuwa amelowa, amejifunika mpaka kidevuni. Halafu nikakuta ni yeye anayeniomba mimi msamaha, eti amenisumbua. Angeanguka ningejaza fomu. Angepata kidonda cha kulalia kingepimwa na kupigwa picha. Lakini hili la mzee wa watu kujikojolea huku akimsubiri nesi aliyesema nakuja, halina fomu. Nilibadilisha shuka, nikaandika "amebadilishwa shuka".

Hicho ndicho kinachonichosha, Mama, si miguu. Ulinifundisha kazi hii kuwa ni mikono, na mimi mikono yangu iko kwenye kompyuta na kwenye toroli la dawa. Rafiki yangu Mfilipino kahamia Australia mwezi uliopita. Nafasi yake wanaijaza kwa manesi wa kibarua, leo huyu kesho yule, hajui hata shuka zinawekwa wapi, kwa hiyo sisi tuliobaki tunamwelekeza na kubeba vya kwake. Kisha anayefuata naye anaandika barua ya kuacha. Manesi wa hapa walipogoma Desemba 2022 watu walidhani ni mshahara tu. Mshahara ulikuwemo, lakini waliokuwa nje kwenye ile baridi walikuwa wakizungumza habari za wodi zisizo na watu.

Na mimi ni kiraka kwenye tundu lao. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya 2021, kwa hoja kwamba kwetu wamo manesi waliosoma na hawana kazi. Wamo, wewe unawajua, wawili wanauza maandazi hapo stendi. Lakini wodi yako ya zamani nayo haina watu. Sijui nani alipiga hesabu hiyo ikamtoka sawa.

Kwa hiyo kuhusu Mwanaisha kuja huku: simkatazi. Mimi nani wa kumkataza, na nyumba imeezekwa kwa hela za huku? Ila asijaze fomu za wakala kabla hatujaongea. Asome vizuri kipengele cha kurudisha gharama akiacha kazi mapema, na aulize wodi anayopelekwa ina vitanda vingapi na manesi wangapi usiku. Wakikwepa kumjibu, nalo ni jibu.

Jumapili nina mapumziko. Wodi wakinipigia kuniomba niende, nitajaribu nisipokee. Ikifika saa kumi jioni ya kwenu sijakupigia, ujue nimepokea.

Mwanao