Tikiti haliwezi kumkimbia mgambo: barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Waziri Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

YAH: VYAKULA VINAVYOUZWA MALANGONI MWA SHULE ZETU

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Temeke, mwaka wa 19 sasa, na kwa miaka sita iliyopita ndiye mwalimu wa afya wa shule yetu. Wenzangu waliposikia nataka kuandika juu ya lishe waliniambia nimpelekee Waziri wa Afya. Nimeona nije kwako. Shule za msingi ziko chini yako, masoko yako chini yako, mgambo ni wa halmashauri zako, na afisa lishe, afisa biashara na afisa afya wa kata wote mshahara wao unapita kwenye halmashauri. Nani auze nini, akae wapi, alipe ushuru gani, yote haya yanaamuliwa upande wenu. Kwa hiyo anachokula mtoto saa nne asubuhi nacho, kwa sehemu kubwa, kinaamuliwa upande wenu.

Saa nne tunagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na kabla mlio haujaisha geti limeshajaa. Mtoto wa huku anakuja shule na sarafu, mia tatu au mia tano. Sarafu hiyo si ya anasa. Mama yake ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi Feri au Ilala, jiko halijawashwa, basi ile mia tano ndiyo chai, ndiyo kitafunwa, na siku ambayo michango ya uji haijatimia ndiyo chakula chote mpaka jioni.

Mwaka juzi mwenye mia tano alikuwa na pa kuchagua. Kando ya ukuta wetu alikuwa anakaa bibi mmoja na sinia la matikiti, amelifunika kwa nailoni na juu yake kipande cha chandarua kuzuia inzi. Kipande kimoja 200. Ndizi mbivu 100. Pembeni yake alikuwepo mwenzake wa mihogo ya kuchemsha na karanga. Nilikuwa nawakagua mwenyewe, naangalia maji wanayooshea kisu, naangalia kucha, na siku wakikosea nawaambia na wananisikia.

Siku moja ya Juni mgambo walikuja na pikapu. Nilikuwa zamu, nimesimama hatua chache tu. Sinia lilipinduliwa. Nakumbuka vile vipande vyekundu kwenye mchanga, na watoto wa darasa la kwanza wanaviokota, wanavipuliza na kuvila, kwa maana kwao ilikuwa neema imeanguka. Bibi alipoteza sinia, kisu na mtaji wa siku ile. Alikaa wiki tatu hajaonekana. Aliporudi hakuwa na tikiti wala ndizi. Alikuwa na mfuko wa sandarusi wenye biskuti, pipi, bigijii na zile chupa ndogo za kinywaji cha kuongeza nguvu. Nikamuuliza, bibi, vipi matikiti? Akanijibu: "Mwalimu, tikiti haliwezi kukimbia. Hivi nikiwaona tu nafunga mfuko, naondoka."

Mheshimiwa, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hakuna kikao cha madiwani kilichokaa kikaamua kwamba watoto wa Temeke wale biskuti na pipi. Lakini ukiweka utaratibu wa kuwakimbiza wachuuzi bila kuwapa mahali pa kukaa, umeshachagua chakula. Anayebaki ni mwenye kitu kikavu, kilichofungwa, kisichooza, kinachoingia mfukoni na kukimbia naye. Anayeondoka ni mwenye tikiti lililokatwa, mwenye chungu cha maharage, mwenye beseni la machungwa. Mchicha ukikanyagwa umekwisha. Pakiti ya biskuti ikianguka inafutwa vumbi na kuuzwa. Kila msako unaopita mtaani unawachuja wauzaji wetu, na chujio lenyewe linaacha sukari na mafuta.

Ng'ambo ya barabara, hatua kama 30 kutoka geti letu, kuna duka ambalo mgambo hawajawahi kuligusa. Sisemi waliguse, mwenye duka ni jirani mwema na ana leseni. Nataka tu uone lilivyo. Lina friji refu la kioo ambalo mwenyewe hakulinunua. Aliletewa na kampuni ya soda, kwa sharti kwamba ndani zikae bidhaa za kampuni hiyo. Ukuta wa duka umepakwa rangi za kampuni, bure. Kwa hiyo saa nne, jua likiwa limeshaanza kuchoma, mtoto anachagua kati ya chupa inayotoa jasho la baridi na ndizi iliyoiva kupita kiasi kwenye beseni. Tunda halina kampuni ya kulinunulia friji. Halmashauri yake, ambayo ingeweza angalau kulijengea kibanda chenye kivuli na bomba la maji, inalitoza ushuru siku ikitulia na kulipindua siku ikichachamaa.

Kuna jingine ambalo kulisema kunanipa uzito. Ubao wenye jina la shule yetu, ule wa kando ya barabara, nusu yake ya juu ni tangazo la soda. Ulikuja kama msaada, miaka mingi kabla yangu, na shule nyingi nilizopita zina ubao wa namna hiyo hiyo. Ndani ya darasa nina chati niliyoichora kwa mkono ya yale makundi sita ya chakula yaliyomo kwenye Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji wa 2023: nafaka na mizizi, mikunde na karanga, nyama na maziwa na mayai, mboga, matunda, mafuta. Nawafundisha na wanafaulu mtihani. Kisha wanatoka na kupita chini ya jina la shule yao likiwa limebebwa na chupa. Nimeona mtoto wa darasa la awali akiisoma ile nembo ya soda kwa ufasaha kabla hajajua herufi za jina lake.

Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayoipata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka minane, chupa moja imeshapita kiwango hicho cha chini peke yake. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini juu ya sukari, na kwenye chupa nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba havifai kwa watoto. Nina wanafunzi wa darasa la nne wanaovinywa asubuhi, tumbo tupu, halafu saa tano wanatetemeka mikono na hawatulii kwenye dawati. Mwanzoni niliwaadhibu kwa utundu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Najua Serikali haijalala. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 unaonyesha watoto waliodumaa wamepungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30. Ni hatua, na nyuma yake kuna kazi ya wahudumu wa afya wa vijijini ambao hawatajwi popote. Lakini utafiti huohuo unaonyesha wanawake wenye uzito uliozidi au unene wamepanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Nyuma zaidi, utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wana kisukari. Mama yangu mzazi ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Kila mwezi nampeleka kliniki, na kwenye lile benchi nawaona wanawake wa rika langu, si wazee tena.

Udumavu na unene vinakaa nyumba moja. Chakula kinachoshibisha kwa mia tano bila kujenga mwili kinaleta vyote viwili.

Mwaka 2022 Mheshimiwa Rais alisaini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa, na halmashauri zimetakiwa kutenga angalau 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Nilifurahi. Tatizo ninaloliona nikiwa huku chini ni kwamba mkono wa lishe na mkono wa mapato haujuani. Afisa lishe anakuja shuleni Jumanne kutuhimiza watoto wale matunda. Alhamisi gari la halmashauri hiyohiyo linabeba mabeseni ya matunda. Wote wawili wametimiza wajibu wao kwa mujibu wa karatasi walizopewa.

Wapo watakaosema ni jukumu la mzazi, ampikie mtoto asubuhi. Nawajua wazazi wangu, Mheshimiwa. Wanawapenda watoto wao kuliko mimi na wewe tunavyowapenda. Mzazi hawezi kusimama getini saa nne. Wapo pia watakaosema tunataka kuua biashara. Nchi hii iliondoa pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, ikaondoa mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mara zote mbili tuliambiwa haitawezekana. Biashara zilihamia kwenye chupa kubwa na kwenye vikapu na mifuko mbadala. Biashara hufuata njia iliyochongwa, na kuichonga ni kazi ya Serikali. Chile walianza Juni 2016: chakula chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango kinabandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, hakiuzwi ndani ya shule, na hakitangazwi kwa watoto. Mexico nao, Machi 2025, wameondoa vyakula vya namna hiyo mashuleni nchi nzima. Afrika Kusini wanatoza kodi sukari ya vinywaji tangu Aprili 2018. Alama na kodi najua zina wizara zake, sikuombi hizo.

Ninachokuomba kiko mezani kwako. Sheria ndogo za halmashauri za miji hazipati nguvu mpaka Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa aziridhie. Basi zinapokuja za ushuru na usafi wa mji, ziulize swali moja: anayeuza matunda, mboga, maziwa, mayai ya kuchemsha au mihogo karibu na shule na vituo vya daladala, mmemtengea wapi? Kama hakuna mahali, irudishe. Mpeni kitambulisho, kivuli na maji, mmsamehe ushuru, na afisa afya amkague kila wiki. Hakuna haja ya jengo la mabilioni kule mbali ambako mteja hafiki. Akina mama wengi wa mboga wanauza kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, watu wakishuka kwenye daladala. Ukimhamishia mbali na kituo, mchicha wake unalala, na yule aliyeshuka amechoka ananunua chipsi. Hao chipsi nao, mafuta yamechemshwa mpaka yamekuwa meusi kama oili ya gari, na sijawahi kuona mtu akiyakagua.

Vile vinywaji vyenye kafeini visiuzwe kwa mwanafunzi mwenye sare. Wenye maduka ninaoongea nao hawana ugomvi na hilo, wanachotaka ni liwe kwa wote, asije jirani akapata mteja wao. Mmoja aliniambia yuko tayari hata rafu ya chini ya friji iwe ya maji na maziwa, ila mkataba wa friji haumruhusu. Halmashauri inayotoa leseni ina sauti kwenye jambo hilo kuliko yeye.

Na ubao. Mwezi wa tisa kamati ya wazazi ilikaa ikakubaliana tubadilishe. Fundi seremala ambaye watoto wake wawili wako kwetu alijitolea mbao, mwingine akaleta rangi, debe moja nyeupe na kopo la bluu. Tulipoomba ruhusa tukaambiwa tusubiri, kwa kuwa hakuna maelekezo yoyote kutoka juu kuhusu matangazo kwenye mbao za shule, na ule ubao ni mali iliyotolewa kwa msaada. Waraka wa ukurasa mmoja kwa wakurugenzi wote ungemaliza. Tumeshapima herufi kwa penseli. Rangi iko stoo, nyuma ya madawati mabovu, na fundi ananiuliza kila Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa afya,
Shule ya msingi, Temeke,
Dar es Salaam.